Ng'ombe Zimeshaliwa, Fomu Inasema Hajaolewa

Mwaka jana mwezi wa nane, pamba ikiwa imeshauzwa, ng'ombe kumi na wanne waliingia zizini kwa baba, hapa kwetu Binza, mkoani Simiyu. Waliletwa na upande wa shemeji kutoka Magu. Wazee wakakaa chini ya mti, wakahesabu, wakamkataa mmoja aliyekonda, akaletwa mwingine, wakaridhika. Siku iliyofuata mdogo wangu akasindikizwa kwa wakwe zake kwa ngoma na vigelegele. Shemeji mwenyewe alikuwepo, amechukua likizo ya wiki nne kutoka Minnesota anakofanya kazi ya uuguzi. Ni Msukuma kama sisi, ila alishachukua uraia wa Marekani, na kwa kuwa sheria yetu hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, ule wa Tanzania ukawa umemtoka.

Likizo ikaisha, akarudi kazini. Mdogo wangu akabaki na simu. Hapo ndipo habari za viza zikaanza, na mimi nikapewa jukumu kwa sababu moja tu: kwenye familia yetu ndiye "anayesoma vitabu". Nikampeleka Bariadi kwa jamaa mmoja mwenye steshenari anayesaidia watu kujaza fomu. Akatusikiliza dakika tano, akasema, "Chukueni ile ya uchumba. Ya mke inachelewa. Hapo kwenye hali ya ndoa andika hajaolewa, si hana cheti?"

Jioni nikamweleza baba. Alikuwa anafunga kamba ya ndama. Akanyanyuka polepole, akaniangalia.

"Ng'ombe nimekula, halafu mtoto aandike hajaolewa? Kwa hiyo mimi nimekula ng'ombe za nani?"

Sikuwa na jibu. Nikafanya ninachofanya kila nikikwama: nikaenda kusoma. Nilitaka kujua swali moja, ambalo naona limewasumbua watu wengi kabla yetu. Mwanamke akivuka mpaka kumfuata mume, ni nani hasa mwenye neno la mwisho kwamba huyu ni mke? Ukoo? Dini? Au karani mwenye mhuri?

Binti wa Mtoni

Ukitaja kuolewa na mtu wa nchi nyingine, wasomaji wa ukurasa huu nadhani mtamkumbuka kwanza Sayyida Salme, ambaye dunia inamjua kama Emily Ruete. Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja, binti wa Sayyid Said bin Sultan na suria wa Kicherkesi. Alijifundisha kuandika kwa siri, na kalamu hiyohiyo ikamtia matatani: mwaka 1859 alikuwa mwandishi wa barua katika njama za kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao mwingine, Sultan Majid.

Mjini Unguja alikuwa jirani ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg. Akapata mimba. Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer hadi Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume, akamsubiri Ruete amalize shughuli zake, na tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa, akapewa jina la Emily na kufunga ndoa, yote siku moja. Kisha wakaelekea Ulaya. Yule mtoto wa kwanza hakuishi.

Ndugu msomaji, angalia jambo moja hapo. Hakuna mtu aliyemwuliza Salme ana viza gani. Alipofunga ndoa tu, mbele ya sheria za upande wa mumewe akawa mtu wa kwao. Ndoa yenyewe ilikuwa ndiyo pasipoti. Lakini kwa nyumbani hakukuwa na ndoa ya kuzungumzia: hakuna kikao kilichokaa, hakuna mahari iliyopokelewa, binti wa Kiislamu ameondoka na Mkristo, basi.

Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu ya farasi akafariki, akamwachia watoto watatu wadogo. Salme akaanza kudai urithi wake Unguja, na hapo ndipo uraia wake mpya ulipoonyesha makucha. Mwaka 1885 alirudi Zanzibar akiwa na wanawe, pamoja na meli za kivita za Ujerumani. Wakati ule Bismarck alikuwa anagombana na Barghash, ambaye sasa ndiye sultani, juu ya ardhi ya bara. Raia wa Ujerumani mwenye madai dhidi ya sultani ilikuwa karata nzuri mkononi. Barghash akakataa kumpokea dada yake. Wajerumani walipopata walichokitaka bara, madai ya Salme yakawekwa kando. Akajaribu tena mwaka 1888, akatoka mikono mitupu. Kitabu cha kumbukumbu zake kilishatoka Ujerumani mwaka 1886, na ndicho kilichomfanya tumjue hadi leo. Alifariki mwaka 1924 mjini Jena, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameutunza.

Nilipofika hapo nikafikiria zizi la baba. Salme alikuwa na karatasi bila ukoo. Mdogo wangu ana ukoo mzima, hana karatasi.

Ndoa ilipokuwa pasipoti

Hali ya Salme haikuwa ya Wajerumani peke yao. Sheria ya kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804 ilimhesabu mke kuwa wa taifa la mumewe. Uingereza ikaamua mwaka 1844 kwamba mwanamke wa kigeni akiolewa na Mwingereza ni Mwingereza, na mwaka 1870 ikamalizia upande wa pili: Mwingereza akiolewa na mgeni, si Mwingereza tena. Marekani ikafuata mkondo huo mwaka 1855 kwa wake wa kigeni, alimradi mke awe wa aina ya watu walioruhusiwa kuwa raia, na wakati ule maana yake ilikuwa mzungu. Mwaka 1907 ikawavua uraia wanawake wake walioolewa na wageni.

Kwa maneno ya kijijini: mwanamke alihamishwa daftari, kutoka la baba kwenda la mume. Wazungu hawakuwa mbali na wazee wetu kama tunavyodhani.

Wanawake wa Marekani walipopata kura mwaka 1920, hili likawa jambo la kwanza kulivalia njuga. Septemba 1922 ikapitishwa sheria iliyojulikana kwa jina la mbunge aliyeipeleka, Cable, na kwa sehemu kubwa ikatenganisha uraia wa mke na wa mume. Ulikuwa ushindi. Lakini ushindi huo ulikuja na mlango mpya wenye kitasa. Kama mke ni mtu anayejitegemea mbele ya sheria, basi kuolewa peke yake hakumvushi mpaka, lazima aombe. Mwaka 1924, mwaka uleule aliofariki Salme, Marekani iliweka viwango vikali vya idadi ya wahamiaji kwa kila nchi, ikawaacha wake za raia nje ya viwango hivyo, lakini mume alitakiwa apeleke maombi na kuthibitisha ndoa. Viza ya mke tunayoihangaikia leo mizizi yake iko hapo. Watu hulalamika kwamba ni ukatili wa siku hizi. Mimi nimekuja kuiona kama bei ya jambo lililokuwa la haki: mke hakuwa tena mzigo ndani ya sanduku la mume.

Mchumba wa askari

Sasa hii ya uchumba, ambayo jamaa wa steshenari aliipigia debe, ina hadithi yake.

Vita ya pili ilipokwisha, askari wa Kimarekani walikuwa wameoa na kuchumbia kila walikopita. Desemba 1945 Bunge lao likapitisha sheria ya kuwaruhusu wake na watoto wa askari waingie bila usumbufu mwingi. Wachumba wakabaki nje, kwa hiyo Juni 1946 ikaja sheria yao: mchumba wa askari aingie kama mgeni wa miezi mitatu, aolewe ndani ya muda huo, la sivyo arudi kwao. Sheria hiyo ilikuwa ya muda, ikafa. Mwaka 1970, Marekani ikiwa katikati ya vita ya Vietnam, ikarudishwa kwa sura ya kudumu na kwa raia wote, siyo askari tu. Hiyo ndiyo K-1. Siku 90 zilezile.

Kwa hiyo K-1 ilitungwa kwa ajili ya mtu ambaye hajaweza kuoa: askari aliyehamishwa kituo kabla ya harusi, watu wawili ambao nchi walipokutania hairuhusu ndoa yao, wapenzi waliopishana na muda. Masharti yake yanasema hivyo waziwazi. Raia ndiye anayeomba. Wawe wameonana ana kwa ana ndani ya miaka miwili kabla ya maombi. Na wote wawili wawe huru kuoana. Akishafika, mchumba ana siku 90 za kufunga ndoa na huyo huyo aliyemwombea, siyo mwingine. Wakishaoana ndipo anaomba ukaazi, analipa tena, anasubiri tena, na kwa kawaida hafanyi kazi mpaka kibali kitoke. Wasipooana, anarudi.

Ile ya mke ni njia nyingine. Mume anapeleka maombi kuthibitisha ndoa, yakikubaliwa yanakwenda kwenye kituo cha viza, kisha nyaraka, kipimo cha afya, na mahojiano ubalozini. Mara nyingi inachukua muda kuliko ya uchumba. Lakini siku mke anapotua anakuwa mkaazi tayari, na anaweza kutafuta kazi kesho yake. Kama ndoa haijafikisha miaka miwili siku anayoingia, ukaazi ni wa masharti kwa miaka miwili. Siku 90 za mwisho wanaomba pamoja masharti yaondolewe. Hilo la masharti lililetwa na sheria ya mwaka 1986 dhidi ya ndoa za kughushi, na halikwepeki kwa kupita mlango wa uchumba.

Zote mbili zina suala la fedha. Mdhamini lazima aonyeshe kipato; kwa viza ya mke, kwa kawaida kisipungue asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa kila mwaka. Nilimweleza baba pia kwamba Uingereza kuna kima chake: mwaka 2012 waliweka pauni 18,600 kwa mwaka kwa anayetaka kumleta mwenza, na Aprili 2024 wakapandisha hadi pauni 29,000. Baba akacheka kwa mara ya kwanza tangu suala hili lianze.

"Kumbe na wao wana mahari," alisema. "Ila wao wanakula serikali."

Sheria ya nyumbani

Nilipomaliza ya Marekani nikagundua nilikuwa natafuta jibu mbali. Sheria ya uhamiaji ya Marekani, kwa kawaida, inaangalia kama ndoa ni halali pale ilipofungwa. Yaani swali la baba linarudi palepale Binza: je, kwa sheria ya Tanzania, mdogo wangu ameolewa?

Mila zetu Wasukuma zimeandikwa kwa muda mrefu kidogo. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni aliyezaliwa Austria, alichapisha kitabu kizima juu ya sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953. Baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali ikatangaza mkusanyo wa sheria za mila kwa makabila ya ukoo wa baba, na humo, cha ajabu kwa wazee wengi, ikasemwa kwamba kulipa mahari si sharti la ndoa kuwa halali. Kisha ikaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ndiyo inayotutawala mpaka sasa. Ilichukua njia zote tulizokuwa nazo, ya kiserikali, ya dini na ya kimila, ikaziweka chini ya paa moja. Ndoa ya kimila ni ndoa. Haihitaji padri wala hakimu kuwa ndoa.

Soma vizuri sheria hiyo utakuta mambo mawili yaliyonifanya nicheke peke yangu usiku. La kwanza: ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikulipwa. Kwa hiyo ng'ombe wa baba, pamoja na uzuri wao wote, sio wanaomfanya binti yake kuwa mke. Kinachomfanya mke ni hiari ya wawili na taratibu za mila zilizofuatwa mbele ya watu. La pili: ndoa iliyokamilika haibatiliki kwa sababu haikusajiliwa. Wanandoa wa kimila wanatakiwa waende kwa msajili ndani ya siku 30. Sisi hatukwenda, nani alikuwa anajua? Lakini kutokwenda kwetu kulikuwa kosa la utaratibu, siyo kufutika kwa ndoa.

Kwa hiyo baba alikosea kuhusu ng'ombe, na akapatia kuhusu binti. Na jamaa wa steshenari alikosea kabisa. "Hana cheti" siyo sawa na "hajaolewa". Mdogo wangu angeandika hajaolewa, angekuwa ameidanganya serikali ya nchi anayotaka kuhamia, katika jambo lile hasa linalompa haki ya kuingia. Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, uongo wa namna hiyo unaweza kumfungia mtu mlango maisha, labda apate msamaha maalumu. Na ushahidi wa uongo wenyewe ungekuwa kila mahali: si mliona picha za ngoma kwenye magrupu ya familia?

Kulikuwa na kipengele kingine kilicholeta kikao cha saa nzima. Sheria ya 1971 inaichukulia ndoa ya kimila kuwa ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Inaruhusu pia mume na mke kutangaza pamoja, mbele ya hakimu, kwamba wanaigeuza kuwa ya mke mmoja. Mdogo wangu aliposikia akanyamaza, halafu akampigia shemeji hapohapo, spika ikiwa imewashwa, wazee wote wamekaa. "Umesikia hicho kipengele?" Shemeji akajibu kwa haraka isiyo ya kawaida kwamba amekisikia na anakubali. Mama akainuka kwenda jikoni ili asionekane anacheka.

Mlango usiofunguka upande huu

Katika kuhangaika nikauliza pia swali la kinyume. Kwa nini mdogo wangu asimlete mume huku? Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia kwa ndoa hiyo. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Shemeji, aliyezaliwa Magu, baba yake kazikwa Magu, akitaka kurudishiwa uraia wa nyumbani hawezi kuuomba kwa jina la mkewe. Ile fikra ya karne ya 19, kwamba mwanamke huhamia daftari la mume na mume hahamii la mke, wenzetu waliibishania mwaka 1922. Kwetu bado imekaa kitabuni, na ni wachache wanaoijua mpaka iwakute.

Karatasi imefika wapi

Tulichofanya ni hiki. Tulikwenda ofisi ya wilaya na wazee wawili waliokaa kikao, mmoja wa kwetu na mmoja wa Magu. Tukaeleza kwamba tumechelewa. Tukarudishwa mara mbili kwa ajili ya nyaraka, mara ya tatu cheti kikatoka. Tarehe ya ndoa iliyoandikwa ni ile ya mwezi wa nane, siku ya ngoma. Shemeji akapeleka maombi ya mke. Tunajua tumechagua njia ndefu.

Si rahisi. Mdogo wangu ana miaka 26 na kila akienda kisimani anaulizwa mume yuko wapi. Kuna siku alinilaumu: "Kaka, ungeniacha niandike tu, sasa hivi ningekuwa nimefika." Sikumjibu kwa historia. Nilimwambia inawezekana ni kweli, na kwamba mimi nisingekuwa naye chumba cha mahojiano siku anaulizwa kuhusu picha. Tukakaa kimya. Baadaye akaniomba nimsomee tena kile kisa cha binti wa Mtoni, sehemu ya kurudi mwaka 1885 na kukataliwa mlangoni na kaka yake. Akauliza, "Kama wangekaa kikao kwanza, unadhani wangempokea?" Nikasema sidhani. Yule alikuwa binti wa sultani na mumewe alikuwa Mkristo. Kikao chenyewe kisingeitishwa. Akasema, "Mimi changu kilikaa." Akaenda kulala.

Cheti kiko ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye sanduku la baba, pamoja na kadi yake ya chama cha msingi cha pamba na stakabadhi za miaka. Nakala zilishakwenda Marekani. Kila Jumapili baada ya kula baba ananiuliza, "Karatasi imefika wapi?" Nafungua simu, naangalia, namwambia bado iko palepale. Anatikisa kichwa, anatoka kwenda zizini. Mmoja wa wale ng'ombe kumi na wanne ameshazaa.